Nafasi Iliyozibwa na Myriam

Siku ya soko Walikale, asiye na viwiko hapiti. Adelaïde Mukandayisenga alikuwa na viwili vikali, na kichwani alibeba beseni la jibini kutoka kwao Kirolirwe. Kitenge cha manjano kilimkaa vizuri kiunoni hadi wauza mihogo wakasahau wateja wao. Gisubizo, mpiga picha mwenye kibanda karibu na kituo cha pikipiki, alirudi nyuma hatua moja apate kulipiga soko picha, akamkanyaga mguu.

"Papa, macho yako iko mu telefone ao mu miguu yangu?"

"Pardon, dada. Nilikuwa natafuta mwangaza."

"Mwangaza iko kule juu. Huku chini iko kidole yangu."

"Basi nikubebee ile beseni."

"Utaiangusha. Mikono yako inazoea vitu vyepesi."

Aliibeba, wala hakuiangusha. Mvua zilipokwisha, Walikale nzima ilikuwa inajua kwamba jibini la Adelaïde huchelewa kufika sokoni kwa sababu hupitia kwanza kwenye kibanda cha picha.

Kisha Valérie, rafiki yao anayepika hotelini Goma, akaja likizo na majani makavu ya bahari na vijiti vya kulia. Akawaita nyumbani kwake waje kula sushi, chakula cha Wajapani: wapenzi hao wawili na jirani yake Myriam. Wali ulichemshwa hadi ukanata, ukatiwa siki, ukakunjwa na parachichi na samaki wa kukaushwa kwa moshi.

"Kule banakulaka samaki mubichi," Valérie aliwaambia.

"Mubichi? Mimi siko paka," Adelaïde akajibu, nyumba nzima ikacheka.

Gisubizo alisimamisha simu kwenye rafu ipige picha yenyewe. Ilipowaka, Adelaïde alikuwa anamlisha kipande kwa vidole vyake mwenyewe, naye Gisubizo amefumba macho, mashavu yamejaa.

Kesho yake Adelaïde alifungua statu ya WhatsApp ya mpenzi wake. Picha ilipendeza kweli: wali mweupe, parachichi kijani, meza inang'aa. Ila yeye hakuwemo. Alikuwa amefutwa, na Myriam amesogezwa hadi bega lake likagusana na la Gisubizo. Chini yake Myriam huyo huyo alikuwa ameweka mioyo myekundu.

Masikio yalimwaka moto. Mimi ningepiga kelele mtaa mzima usikie. Adelaïde alipiga simu.

"Chéri, foto yako iko muzuri sana."

"Uliiona? Niliitengeneza asubui yote!"

"Naona Myriam iko karibu yako."

Gisubizo akacheka. "Ile ni kuziba nafasi tu. Nitakuelezea. Kuna kitu inakuya kwenu, usiniulize."

"Siulizi, mupenzi wangu."

Kuziba nafasi! Basi yeye alikuwa nafasi. Jioni hiyo mama yake akampigia kutoka Kirolirwe: kuna wageni wa Walikale wametuma ujumbe, Jumapili watakuja kuomba irembo, kubisha mlango wa posa.

"Mu mji Myriam, kwa wazazi mimi," Adelaïde alijisemea. "Atanijua."

Kwao, siku ya irembo, baba humwita binti mbele ya wageni na kumuuliza kama anamjua kijana yule. Bila neno lake hakuna kinachoendelea. Adelaïde alirudi nyumbani akingoja swali hilo kwa hamu kuliko bibi harusi yeyote, na kila Gisubizo alipopiga simu alimwita chéri.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mzee Kanyamibwa, baba mkubwa wa Gisubizo, aliongea kwanza habari za ng'ombe na mvua kama inavyotakiwa. Adelaïde akaitwa. Alitoka amevaa mushanana wa zambarau, vazi la sherehe, bega moja wazi, nywele zimesukwa upya.

"Mwanangu," akasema baba yake, Papa Raphaël, "uyu kijana unamujua?"

Adelaïde alimtazama Gisubizo kuanzia viatu hadi kola, akaionja raha yake.

"Papa, simujui. Na yeye hanijui. Muangalie foto yake: kwa ile meza mimi siko."

Gisubizo alisimama, jasho likimtiririka. "Ada! Nilikutosha mu foto juu ya Papa yako!" Akampa baba wa binti simu, picha nzima ikiwa wazi.

Papa Raphaël alikunja uso. Vidole vya binti yake vilikuwa mdomoni mwa mwanaume. Kwao bibi harusi ndiye hulisha hivyo, siku ya harusi, mbele ya watu. Angeiona mapema, mlango ungefungwa kabla ya salamu.

"Niliogopa aione kabla hatuyafika," Gisubizo alisema. "Nafasi ikabakia, nikavuta Myriam. Njo ile tu."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilitaka ushangae."

"Nilishangaa," Adelaïde akasema. Aliona aibu, na bado alikuwa na hasira. "Papa, uniulize tena."

Papa Raphaël alimgeukia. "Unamujua?"

"Namujua. Namupenda. Hata ile foto naikubali mbele yenu yote."

Shangazi akaanza vigelegele. Mzee Kanyamibwa akainua mkono.

"Polepole, mama. Binti yenu ameulizwa mara mbili. Na mimi niulize wangu mara moja. Gisubizo, uyu binti unamujua?"

Gisubizo alimpenda hata dakika ile. Lakini mwanamke huyu alikuwa amemwita chéri wiki nzima huku akimpikia aibu mbele ya ukoo wake, na hilo lilimuuma kuliko kukataliwa.

"Nilikuwa namujua," akasema.

Alimpa mkono baba yake Adelaïde kwa heshima, akatoka. Adelaïde alibaki amesimama hadi pikipiki ilipowaka, ndipo akatupa viatu, akakimbia kwenye tope akishika mushanana kwa mikono miwili, akiliita jina lake kwa sauti ambayo kilima kizima kiliisikia.

Gisubizo naye aliisikia. Akamgusa dereva bega, akamwambia aongeze mwendo.