Fundo Nyuma ya Mstari Mweupe

"Funga maji! Lyle! Funga maji, nimo ndani!"

Hakuna aliyejibu. Maud Tranter alikuwa kifudifudi kwenye sakafu ya boti yake, Dorcas, na kila alichomiliki kilikuwa kinamporomokea mgongoni: sahani, sufuria ya supu, ndoo ya mkaa. Omo, yaani mbele ya boti, ilikuwa inazama, na tezi, nyuma yake, imening'inia juu. Maji meusi ya mwezi wa tatu yalivunja mlango wa mbele, yakalizima jiko la chuma, moshi ukamjaa machoni. Alijaribu kutambaa kuelekea nyuma, akateleza. Birika la chai likampasua mdomo.

Sisi tuishio kwenye mifereji ya Uingereza tunaogopa ajali hiyo kuliko moto. Ukitaka kushusha boti, unaingia kwenye chumba cha mawe kilichojaa maji, unafunga lango nyuma yako, unazungusha hendeli kufungua matundu ya lango la chini yatoe maji, na boti inashuka taratibu mpaka usawa wa mfereji wa chini. Lakini chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe. Kimechorewa mstari mweupe ukutani ili hata mjinga aone. Tezi ikibaki nyuma ya mstari, inakalia kizingiti huku omo ikishuka na maji. Dakika tatu tu, umezama na vyombo vyako.

"Maud! Shika ngazi ya nyuma! Usiende mbele!"

Sauti ile haikuwa ya Lyle, mchumba wake. Ilikuwa ya Idris Pugh, muuza mkaa, ambaye boti yake ilikuwa nyuma ikisubiri zamu. Idris alimpiga Lyle kikumbo akamwangusha kwenye matope, akaziba matundu ya chini, akakimbia mpaka lango la juu na kuanza kurudisha maji kidogo kidogo. Dorcas ilikoroma. Ikanyanyuka kichwa, kisha mkia, maji yakimwagika madirishani.

Maud akachomoza kwenye mlango wa nyuma, damu kidevuni, hendeli ya chuma mkononi.

Lyle alimrukia akamkumbatia.

"Mpenzi wangu! Nilidhani umeshafika lango linalofuata!"

"Nilisahau hendeli. Nimerudi kuichukua, ulikuwa umenipa mgongo." Akajitoa mikononi mwake. "Nani ameivuta boti nyuma ya mstari? Mimi niliiacha mbele kabisa nikakupa kamba."

Lyle alinyoosha kidole kwa Idris.

"Muulize huyo. Nilimwona ameshika kamba yako ya nyuma. Nikadhani anasaidia. Hajawahi kukusamehe, Maud! Miaka mitano anakufuata kwenye mfereji huu kama inzi na kidonda!"

Hapo alipagusa penye jeraha. Miaka mitano nyuma Idris alikuwa mpenzi wa Maud. Siku moja, yeye Maud akiwa kwenye usukani, aliongeza mwendo kabla ya wakati. Kamba ikakaza, ikakibana kidole gumba cha kulia cha Idris kwenye kigingi na kukikata palepale. Idris hakulaumu. Maud ndiye aliyekimbia, kwa aibu, akamwachia barua ya mistari miwili. Tangu siku hiyo alikuwa akingojea Idris alipize. Ukiwa na hatia moyoni, uongo kama wa Lyle unauamini haraka.

"Ni kweli?" akamuuliza Idris.

"Maud, nisikilize..."

Hakumsikiliza. Aliizungusha ile hendeli, ikamkuta Idris kwenye taya. Tulisikia mlio hata sisi tuliokuwa ng'ambo tukijaza maji kwenye matangi yetu. Idris alipiga goti, akatema jino kiganjani.

"Mmalizie!" Lyle alipiga kelele. "Alitaka kukuua!"

Idris hakuinua mkono kujikinga. Alisema kwa shida, damu ikimtoka:

"Nipige tena ukitaka. Lakini kwanza kaangalie fundo."

"Fundo gani?"

"Kamba yako ya nyuma bado imefungwa. Kwenye kigingi. Hakuna aliyeigusa."

Maud aligeuka. Kwenye kigingi cha chuma, hatua nne nyuma ya mstari mweupe, kamba ya Dorcas ilikuwa imekazwa kweli. Ndani ya lango kamba haifungwi kamwe, hushikwa kwa mkono ili boti ishuke huru. Hicho ndicho kitu cha kwanza tunachomfundisha mgeni.

Alichuchumaa. Maud kazi yake ni kusuka mito ya kamba, ile inayoning'inizwa ubavuni boti zisigongane. Mtu wa namna hiyo humwonyeshi fundo mara mbili. Mizunguko mitatu, ncha imepitishwa chini. Fundo la marehemu baba yake. Maud aliwafundisha wanaume wawili tu maishani mwake, Idris na Lyle.

Mizunguko yote ilikwenda kulia.

"Idris," alisema bila kugeuka, "nionyeshe unavyofunga."

"Umeniona nikifunga. Bila kidole gumba siwezi kuzungusha kulia, nazungusha kushoto."

"Upuuzi!" Lyle akadakia. "Mtu anaweza kufunga anavyotaka ili kumsingizia mwenzake! Sasa tutahukumiana kwa kamba?"

Simu ikatetemeka kwenye koti la Maud. Pale bondeni mtandao huja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Ulikuwa ujumbe wa mama yake Lyle. Maud aliusoma kwa sauti, taratibu:

"*Pole sana Maud mwanangu. Lyle amenipigia sasa hivi, anasema boti imezama. Chumba cha juu nimeshakutandikia. Huenda ni heri, lile boti la bati lingekuua kwa kifua. Mama Pru.*"

Akainua macho.

"Umetumwa saa tatu na dakika hamsini. Sasa ni saa nne na robo. Saa tatu na dakika hamsini nilikuwa nimesimama bombani najaza tangi, Lyle. Boti ilikuwa inaelea. Wewe ulisema unakwenda kutupa takataka."

"Mama amechanganya saa..."

"Simu ndiyo inayoandika saa. Siyo mama yako."

"Maud, mpenzi..."

"Uliifunga wewe?"

"Nani alikuambia urudi?" Lyle alilipuka. "Nilikutuma lango linalofuata! Ulitakiwa usiwemo! Lilikuwa lizame bati tu, basi!"

Maud aligeukia Dorcas, maji bado yakimwagika madirishani.

"Nyumba yangu," Maud alisema.

"Nyumba? Nyumba gani ya kubeba choo mkononi kila wiki kama ndoo ya maziwa? Kila siku kumi na nne sheria ya mfereji inatuhamisha! Sina hata anwani ya kupokea barua! Naamka kitandani blanketi limeganda ukutani! Nilikuomba mwaka mzima tuhamie kwa mama, ukasema mpaka boti izame. Hayo ni maneno yako!"

"Kwa hiyo ukaizamisha."

"Kwa sababu nakupenda!"

"Ungeniambia unaondoka, ningelia wiki moja yakaisha! Ulinisimamisha hapa nikamvunja mtu taya!"

Akamwendea. Lyle aliona hendeli ikipanda, akaidaka, akaipora, akamsukuma Maud kwa kiwiko mpaka akaanguka ukingoni mwa chumba. Idris alijirusha kati. Chuma kilimshukia begani, mkono wa kushoto ukalegea. Lyle akainua tena, safari hii akilenga kichwa, macho yamemtoka. Sitasema alikuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anajua anachokifanya.

Maud, akiwa chini, alishika kile kilichokuwa karibu, mti mrefu wa kusukumia boti, akamtandika nao Lyle magotini kwa nguvu zote. Hendeli ikaanguka kwenye mawe. Lyle akapepesuka, akatumbukia kwenye chumba cha maji, mbele ya omo ya Dorcas.

Akaibuka akihema.

"Baridi! Maud, siwezi kuogelea na koti hili!"

Maud aliokota hendeli. Akaenda malango ya chini, akaichomeka kwenye ekseli ya kufungulia maji.

Sisi wote tulijua maana yake. Matundu ya chini yakifunguliwa mtu akiwa humo, maji humvuta mpaka mlangoni na kumbana hapo. Tulianza kukimbia, lakini daraja liko mbali.

Akazungusha mara moja. Meno ya chuma yakalia: ka, ka, ka.

"Maud!" Lyle alipiga yowe. "Maud, kwa jina la Mungu!"

"Nilikuita mimi pia. Ulinisikia?"

Lyle alipapasa ukuta wa mawe, vidole vikateleza.

"Ulinisikia, Lyle?"

"Nilikusikia," Lyle alisema, akilia. "Nilikusikia. Sikujua nifanye nini."

Akazungusha tena. Ka, ka. Maji yakaanza kusogea kuelekea malangoni.

Idris alikuwa amekaa kwenye matope, mkono mmoja umekufa, mdomo umevimba.

"Siwezi kukuzuia, Maud," alisema. "Sina hata mkono wa kukushikia. Jizuie mwenyewe."

Alisimama hivyo nadhani nusu dakika, mikono juu ya chuma. Kisha akaiachia hendeli ijizungushe nyuma, matundu yakajifunga kwa kishindo. Akaenda kwenye kigingi, akalifungua lile fundo, akamtupia Lyle ncha ya kamba.

"Shika."

"Ifunge huko juu! Mikono imekufa ganzi!"

"Kamba ya langoni haifungwi. Nilikufundisha siku ya kwanza."

Alishika ncha nyingine kwa mikono yake, akaishikilia, mpaka tulipofika na kumvuta Lyle nje. Hakumwachia hata inchi moja. Hakumtazama pia. Polisi tuliowapigia simu walikuja kwa miguu kutoka barabara ya juu, wakanuna kwa matope, wakamwondoa Lyle akiwa amefunikwa blanketi la Maud mwenyewe.

Kabla hawajavuka daraja, Maud alijibu ule ujumbe: "*Mama Pru, asante kwa kitanda. Tandua. Mwanao leo atalala kwa serikali.*"

Dorcas haikuwa na injini ya kuwaka tena siku ile. Ilibidi ivutwe ubavuni mwa boti ya mkaa mpaka kwa fundi, boti mbili zimefungwa pamoja, injini moja. Wahenga walisema utakwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Idris alirudi kutoka hospitali jioni, bega limefungwa, akamkuta Maud amekaa juu ya magunia ya mkaa, kamba mapajani.

"Nimekuvunja taya," Maud alisema.

"Imepasuka tu. Utanipikia uji wiki tatu."

"Na kidole?"

"Kidole nilishakizika. Nilipoteza kidole kimoja, Maud. Ulipokimbia ndipo uliponipotezea mtu kamili."

Maud alilia hapo, kwa sauti, bila kuficha. Idris akakaa kando yake, akasubiri. Alipomaliza kulia, Maud akapangusa pua kwa mkono, akainuka kuziunganisha boti. Mbele alifunga. Katikati alifunga. Nyuma, kwenye tezi, alipitisha mizunguko mitatu, ncha chini, fundo la baba yake.

Idris aliinama, akaliangalia.

"Umelizungusha kushoto."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ili uweze kulifungua kwa mkono wako mwenyewe, siku ukitaka kuondoka."

Idris akaingia kuwasha injini. Fundo hakuligusa.