Kopa Jekundu kwa Kaka Mkubwa

Ndugu zangu wa Butiama, nanyi wa Musoma mjini, hili linatuhusu sote tulio kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo.

Matiko na mkewe Sabina walikuwa wanapukuchua mahindi uani, wakitaniana, simu ya Matiko ikaita. Alikuwa Lukresia wa Bunda, mke wa Keraryo, kaka yake mkubwa.

"Shemeji, angalia mkeo anachomwekea mume wangu kwenye grupu."

Matiko akafungua. Keraryo alikuwa ametuma picha yake akiwa na suti mpya, na chini yake Sabina kaweka kopa jekundu, ile alama ya moyo.

Mnajua kwetu kaka mkubwa wa mume ni sawa na baba mkwe. Mwanamke hampi hata mkono. Sabina, aliyekulia Kitaji, Musoma mjini, alipoulizwa alijitetea kwa utulivu: "Kwetu tunawekaga kopa kwa kila mtu. Ni kusema umependeza tu."

Tangu hapo, Sabina akienda kuoga, Matiko anapekua simu ya mkewe. Asipokuta kitu, aliamini kimefutwa. Sabina akitabasamu, anataka kujua anachati na nani. Hata Keraryo alipopiga kusalimia, Matiko aliisikia sauti ya mtu mwenye hatia. Mwishowe akamwambia mkewe arudi kwao.

Mama yake Sabina, Matrida, hakugomba. Alimwita Matiko Kitaji, akamwambia binti yake afungue grupu la kwaya anayoimba. Makopa yalikuwa kila mahali: kwa wazee wa besi, kwa bibi yake, kwa padri.

"Sasa mwanangu," Matrida akauliza, "na padri naye ni bwana wake?"

Matiko akainamisha kichwa, akaomba radhi, akarudi na mkewe.

Lakini Keraryo alishasikia anavyoshukiwa, akajitoa kwenye grupu. Mama yao, anayeishi kwa Matiko, alipougua, Keraryo alikuja kutoka Bunda akasimama uani. Aligoma kuingia nyumba ya mdogo wake asije akadhaniwa tena. Ikabidi mgonjwa abebwe pamoja na kiti chake, apelekwe nje akasalimiane na mwanawe.

FUNZO

Ukiingia kwenye ukoo wa watu, uliza wanachokiona aibu kabla hujaweka alama kwenye grupu lao. Nawe unayeshuku, kuuliza peke yake hakutoshi. Matiko alipewa jibu la kweli siku ile ile, akachagua kuamini shaka yake.