Azifute kwa Mkono Wake

Duka la kuchapisha lilikuwa limefurika wateja, mashine zikinguruma na hewa ikinuka wino wa moto. Mchora ramani, gauni lake la kijani limekazwa kiunoni kwa mkanda mwembamba, alinyakua bomba la karatasi juu ya kaunta akatoka mbio. Kijana mrefu mwenye kamera begani akamfuata hadi barabarani.

"Dada, umenibebea watu wangu."

Alipolifungua akakuta nyuso za mafundi wa kiwandani wakicheka. "Basi nawe utakuwa umenibebea jengo langu," akajibu.

Tangu siku hiyo hawakuachana. Mpiga picha alimwita Injinia wangu. Akiambiwa kwamba anayechora ramani si injinia, huuliza ni nani basi aliyejenga nyumba kifuani mwake. Kazi zao wakaziweka katika akaunti moja ya hifadhi ya mtandaoni. Faili lililowekwa kwenye kompyuta ya nyumbani kwa mchora ramani lilipanda lenyewe mtandaoni, likafunguka popote. Lililofutwa hapo lilifutika kote. Waliliona jambo hilo kuwa ushahidi wa kuaminiana.

Kisha ofisi ya mchora ramani ikatangaza kwamba atakayeshinda kwa ramani ya maktaba ya watoto atakwenda kusimamia ujenzi wake katika mji wa mbali. Mpiga picha akamsihi asiende. Walizozana Jumapili nzima, huku mpiga picha akihamishia picha za maonyesho yake kwenye kompyuta ile. Jumatano mchora ramani alisimama mbele ya wakubwa zake, akafungua faili kutoka mtandaoni, na ukutani ikatokea ramani ya zamani: ngazi tupu mlangoni, bila ule mteremko aliouchora nyumbani Jumatatu na Jumanne.

"Watoto wasioweza kutembea watapitia wapi?" mkuu wa ofisi akamuuliza.

Alirudi nyumbani macho makavu. Ni nani mwingine aliyekuwa na akaunti hiyo, na ni nani aliyetaka asiende? Dada yake alimshauri kwa simu amsikilize kwanza mwenzake. Akajibu kwamba amekwisha kumsikiliza vya kutosha. Akazichagua picha zote za maonyesho, akazifuta. Lakini alipotazama kwenye simu, wale mafundi walikuwa bado wanamchekea. Kompyuta haikuwa ikipeleka habari yoyote mtandaoni, na hasira haikumwacha ajiulize tangu lini.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, likamtuliza kama maji ya baridi. Aliyejua kuitengeneza kompyuta hiyo alikuwa mmoja. Aje aitengeneze, ufutaji ule upande mtandaoni, awe amezifuta picha zake kwa mkono wake. Pipa la takataka la mtandaoni, zinakobaki faili zilizofutwa, mchora ramani angelisafisha mwenyewe baadaye.

"Laazizi," akasema simuni, "kompyuta imenigomea. Haipandishi kitu."

"Kumbe Injinia wangu ananikumbuka ikiharibika kompyuta tu?"

"Njoo basi, acha maneno."

Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Mchora ramani alikuwa amevaa gauni jekundu kama aendaye karamuni. Akamvutia kiti, akasimama nyuma yake. Mpiga picha akakagua intaneti, ikawa nzima. Akatoka kwenye akaunti, akaingia tena, hakuna kilichobadilika. Mwishowe akabofya alama ndogo nyekundu pembeni mwa skrini, akasoma, mabega yakamshuka.

"Diski imejaa. Imeacha kupandisha tangu Jumapili. Ni picha zangu, nilizimwaga humu bila kuangalia nafasi." Akageuka. "Ramani zako mpya zimekwama humu humu. Jumatano uliwaonyesha zipi?"

"Za zamani."

"Nisamehe, mpenzi. Ngoja nikupatie nafasi. Hili pipa la takataka limejaa kweli, nalimwaga."

Mshale ukatulia juu ya kitufe. Ilitosha mchora ramani anyamaze. Ramani zake zingepanda, picha zingepotea, na lawama angebebeshwa huyu huyu aliyemwaibisha, hata kama hakukusudia. Hasira yake ilikuwa bado haijashiba. Akautazama mkono ule ulioharakisha kumsaidia, akaushika.

"Usibonyeze. Picha zako zimo humo."

"Nani kaziweka?"

"Mimi. Nilidhani umeniharibia ramani ili nisiende. Nilikuita uzifute mwenyewe."

Mpiga picha akauchomoa mkono wake. Akazirudisha picha, akazihamishia kwenye diski aliyokuja nayo mfukoni. Nafasi ilipopatikana, ramani zikaanza kupanda moja moja. Mchora ramani akampigia mkuu wa ofisi, akamweleza yote. Akaambiwa kwamba zitaangaliwa, ila asitegemee lolote.

Mlangoni, mpiga picha alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Sijakusamehe," akasema bila kuinua kichwa. "Nami nitalipiza."

"Lipiza."

"Ukipewa mji ule, nakufuata. Usipopewa, nabaki nawe hapa. Nitakuoa, na kila asubuhi utautazama uso huu ukumbuke ulichotaka kuufanyia."

Mchora ramani alimchunguza akitafuta mzaha usoni pake, akaukuta nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa na maumivu, na ilikuwa ikisubiri jibu.

"Nakikubali kisasi hicho," akasema, "ila akaunti, kila mtu na yake."

"Na ya kwangu," akajibu, akisimama, "hupati nywila."