Kufuli la Kisima Namba Saba

Kisasi hakikumsubiri Scholastica Werema. Yeye ndiye aliyekisubiri, miezi ishirini na sita, na asubuhi hii kilikuwa kinamkimbia kwa mwendo wa kilomita mia moja na kumi kwa saa.

Land Cruiser nyeupe. Vioo vyeusi. Nembo ya mradi mlangoni.

Ilivunja kizuizi cha Machochwe saa nne na dakika kumi, ikamwacha mlinzi ameshika kipande cha ubao na kutukana kwa Kikurya. Dakika nne baadaye Scholastica alipita kwenye pengo lilelile, kifua kimelala juu ya tangi la pikipiki yake, Boxer, bastola ya Glock 19 ikimkwaruza ubavuni.

Redio ikakoroma sikioni.

"Nyigu, hapa Kituo."

Alikuwa Nassib, mkuu wake katika idara ya ujasusi, ofisini Dodoma.

"Nyigu anasikia."

"Ni Nikolaus mwenyewe aliye kwenye gari?"

"Ni yeye. Kipimo kiko naye."

Kipimo kilikuwa bomba la chuma lenye urefu wa mkono. Alfajiri hiyo fundi Simon alikiteremsha kilomita mbili na nusu ndani ya Kisima Namba Saba cha mtambo wa jotoardhi, unaozalisha umeme kwa mvuke wa chini ya ardhi, kikasoma joto la huko chini na kulihifadhi. Kabla Simon hajakichomeka kwenye kompyuta, Nikolaus alimpiga kichwani kwa spana na kuondoka nacho.

Nikolaus alikuwa mtaalamu wa kigeni, mshauri wa benki ya kimataifa iliyotaka kukopesha fedha za kupanua mtambo kutoka megawati ishirini hadi tisini. Wafanyabiashara waliokuwa wakiuza jenereta na dizeli Mara nzima walimlipa pembeni. Kazi yake kwao ilikuwa moja: Namba Saba kisomeke baridi. Kisima baridi, mkopo hakuna.

"Ujumbe wa benki unaondoka saa tisa kamili," Nassib alisema. "Kupima upya ni siku mbili. Lete kipimo. Na huyo bwana namtaka mzima, kimyakimya. Ubalozi wao ni mkali."

"Nimekusikia."

"Hujasema utatii."

"Nimekusikia, mzee."

Akazima.

Nassib alijua kila kitu kuhusu wakala wake, pamoja na lile ambalo wote wawili hawakulitaja. Fundi wa kwanza kupima Namba Saba aliitwa Kisyeri Werema. Alipata nyuzi joto mia mbili tisini na moja. Nikolaus alimwambia aandike mia moja na arobaini. Kisyeri alikataa. Kesho yake vali ilifunguka akiwa amesimama mdomoni mwa bomba, na mvuke ukamchemsha mbele ya wenzake.

Ripoti ilisema ni uzembe wake. Ilisema hakufunga vali kwa kufuli lake, kama kila fundi anavyotakiwa kabla ya kuikaribia.

Kisyeri alikuwa kaka yake.

*

Alivuka Mto Mara. Akapita Genkuru, vumbi la malori ya mgodini likimjaa kinywani. Alipofika njiapanda ya Gorong'a, alama za matairi zilikuwa zimekwisha.

Hazikufifia. Zilikwisha, kama uzi uliokatwa kwa meno.

Akatoa droni kwenye begi, akairusha. Kwenye kioo aliona mashamba ya mihogo, mabati, mawe meupe ya vilima. Gari hakuna. Kulikuwa na njia tatu za kwenda mpakani, na zote tatu, hadi droni ilipoweza kufika, zilikuwa tupu.

Saa tano na nusu.

Aliinama barabarani. Udongo ulikuwa umevurugwa kwa kwato. Kwato juu ya kwato, njia nzima.

"Unatafuta nini kwenye mavi ya ng'ombe, binti?"

Mwanamume wa makamo alikuwa amesimama juu ya kichuguu, fimbo begani, koti la mvua limefungwa kiunoni jua likiwa linawaka.

"Shikamoo, tata," alimwamkia, kama Wakurya wanavyomwita baba.

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Werema. Wa hapahapa Gorong'a."

Akamtazama vizuri zaidi. "Dada yake yule wa mvuke?"

"Ndiye."

"Mimi Nchagwa. Nilichimba kaburi lake." Alishuka. "Na leo nina hasira, kwa hiyo uliza haraka."

"Gari jeupe limepita?"

"Gari sijaona. Nimeona aibu." Akapiga ardhi kwa fimbo. "Ng'ombe arobaini wamepita hapa asubuhi hii. Hakuna harusi. Hakuna mnada. Wachungaji wawili, nyuso ngeni, wanawaswaga mbio, hata kusalimia hakuna. Wewe umezaliwa hapa. Wayo wa ng'ombe wasio na mwenyewe ukiingia kijijini kwetu, tunafanyaje?"

Scholastica alihisi damu inamchemka, polepole, kwa utamu.

"Mnaonyesha ulipotokea upande wa pili."

"Na tukishindwa?"

"Mnahesabiwa nyinyi ndio wezi."

"Basi! Nimekwisha piga yowe. Gorong'a imetoka. Kijiji cha mbele kimetoka. Kila njia imezibwa. Mwizi huyo hata akiwa na mabawa, leo atatembea kwa miguu."

Scholastica alichutama tena. Mahali ambapo ng'ombe mmoja alikwepa jiwe palibaki kipande cha udongo, kidogo kama kiganja. Ndani yake kulikuwa na meno ya tairi la Land Cruiser.

Akacheka. Mara ya kwanza kwa miezi ishirini na sita.

Mtaalamu alikodi ng'ombe wakanyage nyuma yake na kufuta alama za gari. Angezifuta kwa matawi. Angezifuta kwa maji. Katika Tarime nzima, alama za gari hakuna anayezijali. Yeye alizifunika kwa kitu pekee ambacho kila mtu hapa huzaliwa akijua kukisoma, na lazima akifuate.

"Tata Nchagwa, panda pikipiki."

"Hiki kidude?"

"Mwizi wako na wangu ni mtu mmoja."

Nchagwa akapanda. "Ukiniangusha, nitakuzaba kofi mbele ya bunduki yako."

*

Walimkuta kwenye kivuko cha kijito, kilomita tatu kutoka mpakani. Mawe yalikuwa yamepangwa njiani hadi kifuani. Mbele ya mawe, watu. Nyuma ya gari, watu. Mapanga, pinde, marungu. Mamia, na wote kimya.

Nikolaus alikuwa amesimama juu ya boneti, shati limelowa. Mwanamke mmoja mwenye jembe ndiye aliyekuwa anamhoji.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Mama, mimi sina ng'ombe!" Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alikuwa nchini miaka tisa.

"Wayo wao unafuata gari lako. Unasema unao."

"Ni bei gani? Nalipa!" Akarusha bulungutu la dola.

Mngurumo ukapita kwenye umati. Mwanamke alitabasamu bila furaha.

"Mmesikia? Analipia. Asiyeiba analipia nini?"

Nikolaus akachomoa bastola, Beretta.

Glock ya Scholastica ililia mara moja. Beretta ikaanguka majini. Kidole kimoja kikaanguka nayo. Nikolaus aliporomoka kutoka kwenye boneti, akipiga kelele kwa lugha ya kwao.

Panga la kwanza lilikuwa limekwisha inuliwa.

"Huyu ni wangu!" Scholastica alipaza sauti.

"Wako kwa lipi?" mwanamke wa jembe aliuliza. "Sisi ndio tuliozunguka tangu asubuhi."

"Ndiye aliyemchemsha Kisyeri."

Panga lilibaki hewani. Kisha likashuka, likarudishwa alani. Mwanamke akasogea pembeni, na nyuma yake njia ikafunguka, mtu mmoja baada ya mwingine.

"Mpeleke," Nchagwa alisema. "Lakini usimpeleke vizuri."

Kipimo kilikuwa chini ya kiti, kimefungwa kwenye taulo la hoteli.

Saa saba na robo.

Wakaondoa mawe. Scholastica alimfunga kidonda, akamtia pingu, akashika usukani wa Land Cruiser.

*

Namba Saba kilisimama peke yake nyuma ya mtambo. Mnara mfupi wa mabomba na vali. Mbele yake, ngazi ya chuma yenye reli. Reli ilipakwa rangi mara tatu tangu siku ile, na bado ilibabuka mahali palepale.

Saa nane na dakika arobaini, ujumbe wa benki ulikuwa unakusanya makabrasha. Kofia ngumu nyeupe, viatu vipya. Mkuu wao, Bi Theodosia, alikuwa na simu sikioni. Pembeni alikaa Regina, mjane wa Kisyeri, aliyekuwa akija kila ugeni ulipofika na kila mara akifukuzwa.

Land Cruiser ilisimama vumbini.

Scholastica akamtupia Simon kipimo. Simon alikuwa na bandeji kichwani. Akaondoka nacho mbio.

Kisha Scholastica akamvuta Nikolaus hadi kwenye ngazi, akafunga pingu kwenye reli iliyobabuka. Akapanda upande wa pili. Akashika gurudumu la vali kwa mikono miwili.

"Unafanya nini?" Bi Theodosia alishusha simu. "Dada, hii siyo njia!"

"Najua."

Simu ya Scholastica ikatetemeka mfukoni. Kituo. Akaiacha itetemeke.

"Nikolaus. Nani aliifungua siku ile?"

"Ni ajali! Soma ripoti!"

Robo mzunguko.

Bomba lilikohoa. Ardhi ikatetemeka chini ya viatu vipya, na watu wa benki wakarudi nyuma kama kundi moja. Uzi mweupe wa mvuke ulitoka mdomoni mwa bomba, ukapita mkono mmoja kutoka uso wa Nikolaus. Nywele zake zikalowa.

"Yeye alikuwa umbali huohuo," Scholastica alisema. "Nani?"

"Unaniua!"

"Bado."

Nusu mzunguko. Mlio ulipanda hadi meno yakauma. Ngozi ya shavu lake ikawa nyekundu.

"Mimi! Ni mimi! Zima!"

"Alifunga kufuli?"

Nikolaus alilitazama gurudumu.

Mkono wa Scholastica ulisogea.

"Alifunga! Alifunga, nililikata kwa mkasi wa kukatia vyuma! Nililitupa kwenye bwawa la maji ya magadi ya kisima, chini ya bomba la kuingizia maji! Zima, kwa jina la Mungu!"

Hakuzima mara moja. Alihesabu mpaka tano. Dakika tano ndizo Kisyeri alizoishi baada ya mvuke.

Kisha akafunga.

Mafundi wawili walikwenda bwawani na sumaku ya kamba, wakaitupa walipokumbuka kwamba makufuli ya mafundi ni ya shaba, na shaba haishikwi na sumaku. Mmoja akavua viatu, akaingia na koleo. Dakika kumi na moja. Akarudi na donge jeupe lililoganda magadi, kubwa kama ngumi. Walilipigapiga kwa nyundo. Ndani kulikuwa na kufuli la shaba, pete yake imekatwa safi. Tumboni, herufi zilizochongwa kwa msumari: K. WEREMA.

Regina alisimama.

Hakulia. Alitoa shingoni uzi mweusi, na kwenye uzi ule palikuwa na ufunguo mdogo. Miezi ishirini na sita aliuonyesha kila ofisi, na kila ofisi ilimwuliza: ufunguo wa kufuli gani?

Akauingiza. Ulikwama. Akaukaza kwa kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe.

Ukageuka.

"La mume wangu," Regina alisema. "Alifunga."

Simon alitoka kwenye kontena la kompyuta akikimbia, bandeji imemning'inia.

"Mia mbili tisini na moja!"

Bi Theodosia alitazama kufuli, akatazama mvuke uliokuwa bado unaelea juu ya mtambo. Kisha akawageukia wenzake.

"Fungueni makabrasha," alisema. "Na nani ana namba ya polisi?"

*

Scholastica aliipokea simu jioni, akiwa langoni.

"Umefanya nini?" Nassib alinong'ona, na mnong'ono wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Mbele ya benki! Kidole kimekatika, uso umeungua! Ubalozi umepiga simu mara tatu."

"Kipimo kimerudi. Mtu yuko mzima. Kisima ni moto."

"Nilisema kimyakimya!"

"Kisyeri alikufa kimyakimya."

Nassib aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu mzima anayembembeleza mtoto wa nduguye.

"Sikiliza, Schola. Nitakulinda. Wanataka barua tu. Mistari miwili. Useme ulipatwa na uchungu, useme unasikitika. Uombe radhi, tumalize."

Nyuma yake, mnara wa Namba Saba ulikuwa unapoa na kugongagonga. Nchagwa alikuwa amemletea Boxer mwenyewe, kwa gia ya kwanza njia nzima, na sasa alikuwa anailaumu kwa sauti. Regina alikuwa ameketi ngazini, kufuli mapajani.

Scholastica alivaa helmeti.

"Unaandika, mzee?"

"Naandika. Sema."

"Siombi radhi."

"Schola..."

"Siombi kwake. Siombi kwa ubalozi. Na wewe pia, siombi kwako."

Akakata simu, akapiga kiki, akaondoka.