Aliyeloweka Ndiye Aonjaye

Masika yalikuwa yameondoka na ubaridi wa kipupwe umeanza kuuma alfajiri. Jumamosi hiyo Kudra aliamka mapema kama kawaida yake, akafagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, kisha akamtoa mdogo wake Sadallah kitandani kwa kumtekenya nyayo. Sadallah alikuwa na miaka mitano na usingizi wa watu wazima watatu.

"Amka, tunakwenda porini!" Kudra alimwambia.

Kijiji chao kipo kando ya barabara kuu, ukitoka Kibiti kuelekea Ndundu. Kila mwaka majira yakigeuka hivi, majani ya ming'oko, vile viazi vya porini, hunyauka, na watu wakajua kwamba mizizi huko chini ya udongo imenona. Hapo familia nzima huingia porini: mama na jembe, bibi na kisu chake, watoto na vikapu. Kwa kina Kudra safari hizo zilikuwa kama sikukuu. Walichimba, wakaimba, wakachoma ming'oko michache palepale na kuila ingali ya moto, wakarudi jioni na midomo myeusi kwa masizi.

Lakini mwaka huu, jamani, nani angeimba? Mafuriko yalikuwa yamelifunika bonde lote. Mpunga wa kina Kudra, ambao ulikuwa umeanza kuinamisha masuke, ulizama mbele ya macho yao na kuozea majini. Baba yao, Mtoro, alikwenda Ikwiriri kufyatua matofali ili apate chochote cha kutuma. Na ming'oko nayo ilikuwa imekwisha, kwa sababu njaa haikumchagua mtu, kila nyumba ilikuwa imeshaingia porini kabla yao. Walizunguka tangu asubuhi wakakuta mashimo matupu tu.

Bi Semeni, bibi yao mzaa baba, alisimama akaushika mgongo wake. Mbele yake palikuwa na mti uliotambaliwa na mmea wenye miiba na majani yaliyokaa matatu matatu.

"Zuhra," alimwita mama yake Kudra, "hizi ni ndiga. Tuchimbe."

Zuhra alisita. "Ndiga, mama? Na watoto hawa?"

"Ndiga hizihizi ndizo zilizomkuza mumeo mwaka wa njaa. Ndiga haiui mtu. Haraka ndiyo inayoua."

Wakachimba. Waliporudi nyumbani Bi Semeni alizimenya, akazikata vipande vyembamba, akazijaza kwenye kikapu. Kisha akamwita Kudra.

"Njoo hapa, mke mwenzangu," alimtania kama ilivyo kawaida ya bibi na mjukuu, lakini macho yake hayakuwa na utani. "Kikapu hiki ukakifunge mtoni, penye maji yanayokimbia. Kila siku ukitoka shule nenda kazigeuze. Maji ya mkondo ndiyo yanayoichukua sumu na kwenda nayo. Maji yaliyotuama huirudisha palepale. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Na zikiwa tayari utaonja wewe. Kwetu aliyeloweka ndiye aonjaye. Mtu anaweza kuudanganya ulimi wa mwenzake, wake mwenyewe hawezi."

Siku za kwanza Kudra alikwenda mtoni bila kunung'unika. Njia ilikuwa mbovu, imekatwakatwa na mafuriko, na kwenda na kurudi kulimchukua jioni yote. Ndipo Mwalimu Fikirini alipotangaza kwamba anachagua timu ya mpira wa pete ya shule, na kwamba asiyefika mazoezini jioni asijihesabu. Kudra alikuwa mfungaji mzuri kuliko wote darasa la sita. Aliupenda mchezo ule kuliko kula.

"Sasa utafanyaje?" rafiki yake Tatu alimwuliza.

Kudra alishafikiri. Nyuma ya uwanja wa shule mafuriko yalikuwa yameacha dimbwi kubwa, maji yake yametulia kimya. Alikichukua kile kikapu cha ndiga mtoni, akakitumbukiza dimbwini, akakifunga kwenye mzizi. Maji ni maji tu, alijiambia, akakimbilia uwanjani.

Jioni ile Bi Semeni alimwuliza, "Yanakimbia?"

"Yanakimbia, Bibi," Kudra alijibu. Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka kwa wepesi. Kesho yake aliulizwa tena, akajibu vilevile, na safari hii hata hakushangaa.

Ikafika siku ambayo debe la unga lilikuwa tupu kabisa. Bi Semeni alikuwa amelala kwa homa. Kudra alikileta kikapu nyumbani, na mama yake akachemsha kipande kimoja kidogo cha kuonja.

"Haya, mwanangu. Onja."

Kudra alikiweka kipande ulimini. Mara ncha ya ulimi ikaanza kuwasha, mwasho mdogo kama wa pilipili, kisha ukasambaa mpaka kooni. Aliujua mwasho ule. Kila mtoto wa kwao alikuwa amefundishwa maana yake: bado.

Mama yake alikuwa amemkazia macho. Sadallah alikuwa amekaa kando ya jiko, ameshika sahani yake tupu kwa mikono miwili. Kudra akisema inawasha, ataulizwa kwa nini, na akiulizwa kwa nini, dimbwi litajulikana na mpira wa pete utakuwa umekwisha.

"Haiwashi, mama," alisema.

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Lo! Mtoto wa watu aliapa kabisa.

Zuhra alizipika ndiga kwa tui la nazi alilopewa na jirani. Harufu ilikuwa nzuri. Sadallah alikula akalamba sahani, akaongezwa. Bi Semeni alipelekewa kitandani, akala vipande vichache kwa sababu ya homa. Zuhra mwenyewe alikula makombo, kama akina mama wanavyofanya chakula kikiwa haba. Kudra naye alikula. Alijilazimisha, akidhani kwamba akila pamoja nao basi uongo wake utageuka kuwa kweli. Lakini aliishia matonge machache.

Jua halijaanza kuteremka, Sadallah alianza kutapika. Kisha mate yakamtoka bila kukoma. Kisha mwili ukakakamaa, macho yakageuka, na mikono ikaanza kutetemeka. Zuhra alipiga yowe lililowatoa majirani wote nje.

Jirani yao Twalibu, kijana mwenye bodaboda, hakuuliza nauli. Zuhra alipanda na mtoto kifuani, Kudra akajibana nyuma, wakapita Kibiti mbio wakaenda hospitali ya Mchukwi. Kudra tumbo lilikuwa linamkata na kichwa kinamzunguka, lakini alijikaza. Njia nzima alikuwa akiutazama mguu mmoja wa Sadallah uliokuwa unaning'inia bila kiatu.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alimlaza Sadallah, wauguzi wakamsafisha koo, wakamchoma sindano ya kutuliza degedege. Kipimo cha malaria kilikuja hakina kitu.

"Mama, mtoto amekula nini leo?" daktari aliuliza.

"Ndiga, daktari. Lakini si hizo zilizomdhuru. Zimelowekwa mtoni kama tunavyofanya miaka yote, na binti yangu huyu ameonja."

"Una hakika?"

"Ningempa mwanangu sumu?" Zuhra alilia.

Daktari alimtazama mtoto, akamtazama mama. "Basi tutafute kwingine. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo," aliwaambia wauguzi. "Andaeni vifaa vya kumpima."

Kudra alikuwa amesimama ukutani. Alielewa jambo moja tu, nalo lilimtosha: watu wale walikuwa wanaelekea njia isiyo sahihi, na yeye peke yake ndiye aliyejua njia. Akinyamaza, Sadallah atakufa huku watu wakitafuta ugonjwa mwingine. Alimwangalia mama yake, akaona uso ambao baada ya sentensi moja hautamtazama tena vilevile.

"Ni ndiga," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akapiga kelele, "Ni ndiga! Sikuziloweka mtoni! Niliziweka dimbwini nikaenda kucheza mpira! Ziliniwasha nilipoonja, mimi nikasema haziwashi!"

Zuhra alikaa chini sakafuni.

Daktari hakupoteza hata nukta. Alibadilisha maagizo palepale, wauguzi wakakimbia kuleta dawa nyingine na dripu. Kisha akachuchumaa mbele ya Kudra. "Nani mwingine amekula?"

"Mimi. Na mama. Na..." Kudra akashika mdomo. "Bibi! Bibi yuko peke yake nyumbani!"

Twalibu alirudi barabarani mbio. Alimkuta Bi Semeni ameanguka kati ya kitanda na mlango, povu mdomoni, akihema kwa shida. Alimfunga kwa kanga kwenye mgongo wake na kumleta hivyohivyo.

Usiku ule hakuna aliyemsemesha Kudra. Yeye pia alitundikiwa dripu, akalala akisikiliza pumzi za Sadallah upande mmoja na za bibi yake upande wa pili. Aliomba Mungu amchukulie chochote, mpira, shule, chochote, ila si hao wawili.

Wote wawili walipona, lakini si kwa siku moja. Sadallah alianza kuzungumza kwanza. Miguu ya Bi Semeni ilichelewa, na hata walipoviacha vitanda vya hospitali na kurudi nyumbani, alitembea kwa kushika ukuta.

Kitu kimoja tu hakikurudi nao. Baba alikuwa ametuma unga, na asubuhi moja Kudra alipika uji, akaupoza, akampelekea Sadallah. Mtoto alipouona mkono uliobeba kijiko, aliuziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili.

"Kula, Sadallah. Ni uji tu."

Sadallah alitikisa kichwa. "Sitaki cha dada. Nataka mama anipe."

Kudra aliweka bakuli chini, machozi yakamtoka. Alikuwa amekwisha kuchapwa na kusemwa, na timu ilishachaguliwa bila yeye, lakini hakuna kilichomwuma kama vile viganja viwili vidogo. Zuhra, aliyekuwa anachekecha unga uwanjani, aliyaona yote, akaendelea kuchekecha.

"Usimlazimishe," Bi Semeni alisema kutoka mkekani. "Njoo ukae hapa."

Kudra alikaa miguuni pake.

"Bibi, nilisema kweli. Hospitali nilisema kweli."

"Ulisema, na ndiyo maana mimi na yeye tunapumua. Sitalisahau hilo. Ungesubiri mpaka jioni, ungesema makaburini." Mzee aliukanda mguu wake uliokufa ganzi. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Ndiga ina sumu, na Mungu ameipa dawa yake, maji ya mkondo. Uongo hauna maji ya kuulowekea. Ukishaumeza, dawa yake ni kuutapika upesi, na hata ukiutapika, tumbo litakuuma muda mrefu. Imani ya watu huondoka kwa neno moja. Kurudi, hurudi kidogo kidogo, kwa matendo ya kila siku, na mwenye kuipima si wewe. Ni huyo mtoto."

Kudra alifuta machozi. Alisogea mpaka mbele ya Sadallah, akachota uji kijiko kimoja, akaunywa mwenyewe huku mdogo wake anamtazama.

"Ukoje?" Sadallah aliuliza kutoka nyuma ya viganja.

Kudra alitaka kusema mtamu. "Hauna sukari," alijibu, "na nimeuunguza kidogo."

Sadallah alimwangalia kwa muda. Kisha akashusha mkono mmoja, akachukua kijiko, akajilisha mwenyewe.