Mkono Kwenye Kioo

Jumamosi asubuhi soko la Swansea lilikuwa limefurika watu hadi kwenye meza za wauza kome, na Nerys Beynon hakuwa na muda wa kumbembeleza mtu. Alikuwa amevaa aproni ya mistari juu ya sweta jekundu, nywele kazibana kwa kalamu, anageuza keki bapa za zabibu kavu juu ya chuma cha moto. Mbele ya foleni alisimama mwanamume mrefu mwenye fulana ya bluu ya zimamoto, masikio mekundu kama aliyefinywa.

"Nipe za zamu nzima," alisema. "Na ziada, maana bosi wetu Delyth anakula za watu wawili."

"Umefanya nini?"

"Nani kasema nimefanya kitu?"

"Kaka, zimamoto hamnunui keki kwa mapenzi. Mnanunua mtu akikosea. Sema, au nakupa zilizoungua."

Foleni ikatega masikio. Rhodri Pugh, hilo ndilo jina lake, akashusha sauti, lakini haikumsaidia.

"Jana tuliingia kwenye nyumba imejaa moshi. Mimi ndiye nimeshika kamera ya joto, ile inayokuonyesha mtu mweupe hata kama huoni pua yako. Nikamwona mtu kapiga magoti. Nikamwambia asiogope, tumefika. Nikamwambia alale chini. Akawa mbishi."

"Kumbe nani?"

"Mimi. Palikuwa na mlango wa kioo. Kamera haipenyi kioo, kioo kinakurudishia joto lako mwenyewe."

Nerys alicheka mpaka keki moja ikaungua kweli. "Sasa mtu anajuaje kama ni yeye au ni mwenzake?"

"Unainua mkono. Na yeye akiinua, ni wewe."

"Na wewe hukuinua."

"Ningeinua ningekuwa hapa nanunua keki?"

Alipofika kwenye mlango wa soko, mlango mkubwa wa vioo, aligeuka. Nerys alikuwa ameinua mkono juu ya vichwa vya wateja, mwiko mkononi. Rhodri akainua wake.

Nimeona mapenzi yaliyoanza kwa maua yakafa kabla ya maua yenyewe. Haya yalianza kwa kuchekana, na yakashika. Tangu siku hiyo hawakuagana kwa busu tu. Lazima mmoja ainue mkono na mwenzake amjibu.

"Umekula?" Nerys alimpigia simu siku moja.

"Delyth kala."

"Basi Jumapili uje kwetu. Baba anataka kumwona mtu aliyejiokoa mwenyewe."

Baba yake, Idwal, aliishi naye mtaa wa Townhill, kwenye nyumba ya safu inayotazama bahari. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha chuma, magoti yamekwisha, ulimi mzima. Jumapili hiyo Rhodri alivaa shati la kijani lililopigwa pasi upande wa mbele tu, akala nyama ya kondoo mpaka akafungua kifungo. Kisha akaiona jikoni sufuria ya zamani ya kukaangia chipsi, nyeusi, imejaa mafuta.

"Bwana Idwal, hiyo itakuunguzia nyumba."

"Kijana, nimeishi na chuma kilichoyeyuka maisha yangu yote. Viazi ndivyo vinishinde?"

"Mwambie wewe, mpenzi," Nerys alisema. "Mimi kanichoka."

"Simsikilizi mtu anayeongea na vioo," mzee alisema, wakacheka wote watatu.

Nerys alipotoka kuanua nguo, Rhodri aliomba ruhusa ya kumwoa. Mzee alifuta miwani yake kwa muda mrefu.

"Muulize mwenyewe. Mimi nataka tu mtu wa kunisaidia kuzificha chipsi."

Rhodri alipanga kumuuliza siku ya Pasaka. Pasaka haikufika.

Mwezi Machi, mchana, Nerys akiwa sokoni, mafuta yakashika moto. Zamu ya Rhodri ndiyo iliyoitwa. Aliijua nyumba, kwa hiyo aliingia wa kwanza, kwa magoti kama wanavyofundishwa, kamera mkononi, Delyth nyuma yake akivuta mpira wa maji kuelekea jikoni. Sebuleni Rhodri aliona mtu mweupe, yuko chini karibu na sakafu, ndani ya kioo cha mlango wa bustani.

Aliujua mlango ule. Alikuwa amekaa mbele yake Jumapili nyingi. Akasema moyoni, ni mimi, leo hunipati, akapanda juu kwa haraka, maana mzee hulala chumbani baada ya chakula.

Kitanda kilikuwa kitupu. Aliposhuka, Delyth alikuwa anambeba Idwal kutoka pembeni mwa sebule, nyuma ya kiti, upande ambao Rhodri alikuwa ameupa mgongo. Kioo kilikuwa kimemwonyesha mzee. Hakikumwonyesha Rhodri hata kidogo.

Idwal alifia njiani kwenda hospitali.

Baada ya mazishi, kwaya ikiwa imekwenda na mikate ya nyama imebaki mezani, Nerys alimpigia simu.

"Majirani wameniambia uliingia wa kwanza," alisema, sauti imekauka kwa kilio. "Asante, mpenzi. Kama ilikuwa lazima, nashukuru alikuwa na wewe."

Rhodri alitafuta viatu vyake, simu sikioni.

"Upo?"

"Nipo. Nakuja."

Uchunguzi ungesema yote hata hivyo, lakini hakutaka Nerys ayasikie mbele ya watu. Alimkuta kwenye meza ya jikoni kwa jirani, amevaa gauni jeusi la kuazima lenye mikono mirefu kupita kiasi. Alimweleza yote, amesimama. Hakujipunguzia.

Nerys aliuliza moja tu kwanza. "Uliinua mkono?"

"Sikuinua."

"Mkono tu, Rhodri. Hata mtoto anaweza."

"Najua."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema ni haraka, au ni moshi. "Niliogopa keki," alisema. "Niliogopa wanicheke tena."

Nerys akakunja mikono ya gauni, polepole, mmoja kisha mwingine. "Nilikucheka mimi wa kwanza," alisema. "Nenda."

"Nerys."

"Nenda, tafadhali."

Rhodri alipiga simu wiki nzima, kisha akaacha. Wachunguzi walisema pengine mzee angepona, pengine asingepona. Hilo *pengine* halikumsaidia yeyote.

Ilipofika vuli Rhodri aliomba uhamisho kwenda Bangor, kaskazini. Anayehama naye hununua keki, ndiyo desturi. Angeweza kununua dukani. Alikwenda sokoni.

Nerys alikuwa amekonda, sweta lile lile jekundu linampwaya. Hakuonyesha kushtuka.

"Za zamu nzima?"

"Na ziada ya Delyth."

"Unakwenda wapi?"

"Bangor."

"Kuna baridi huko."

"Hata hapa."

Alifunga mfuko, akaufungua, akaufunga tena. "Sikuchukii," alisema. "Nimejaribu. Ningeweza, ningepumzika. Lakini nikikuona tu, namwona Baba pale chini anakusubiri ugeuke. Siwezi kula chakula cha jioni na hilo maisha yangu yote."

"Aliniruhusu nikuoe."

"Najua. Aliniambia usiku ule ule. Hakuwahi kufunga mdomo." Akampa mfuko. "Nilishashona gauni la harusi, Rhodri. Kachukue treni yako."

Alitoka. Nje jua kali lilikuwa limepiga mlango wa vioo, na ndani ya soko hapakuonekana vizuri. Akageuka, kwa mazoea tu, akainua mkono. Kwenye kioo aliona mkono umeinuka.

Ni mimi, alisema moyoni, akaushusha, akaelekea stesheni bila kutazama tena.

Ndani, Nerys alikuwa bado amesimama, ameinua mkono juu ya vichwa vya wateja, mwiko mkononi, mpaka mama aliyefuata kwenye foleni akamwambia kwamba keki zinaungua.