Sekunde Nne za Kimya

Siku ya gulio pale Chanika, Kaleb alikutana na binti aliyemjibu kabla hajauliza swali.

Binti yule alisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo. Koti lake jeupe lilifungwa vifungo vyote, na ukosini zilichungulia shanga nyekundu na buluu. Nje, mnadi wa mitumba alikuwa akikaukiwa sauti, na vumbi la mbuzi lilichanganyika na harufu ya mahindi ya kuchoma. Kaleb alinyoosha ukosi wa shati lake, akainua kinasa sauti.

"Habari za kazi, dada. Natoka Redio Kibarazani, Korogwe. Tuna kipindi kuhusu makabila na namna tunavyoishi pamoja. Hurushwa Jumamosi asubuhi, kisha tunakiweka mtandaoni kama podikasti. Ningependa..."

"Maziwa na damu," alisema binti, akiendelea kupanga chupa.

"Samahani?"

"Si ndiyo mnayouliza? Mwandishi akiona shanga tu, anauliza maziwa na damu. Wa mwisho alitaka niruke. Humu humu dukani."

Kaleb hakuwa mtu wa kucheka kazini, lakini siku hiyo alicheka. "Basi nielekeze niulize nini."

"Uliza minyoo ya mbuzi. Hiyo nimeisomea."

Akauliza. Walizungumza dakika ishirini, mpaka mteja mmoja, Mama Mwaija, Mzigua mnene aliyekuja kununua dawa ya kuku, akaingilia kati. "Kaka wa redio, huyo ukimwoa atakuchanja kama ndama. Mimi nimesema."

"Jina lako kamili, dada?" Kaleb aliuliza hatimaye.

"Naishorua. La pili nitakupa ukirudi."

Kaleb alikuwa amelelewa na kengele ya bweni, na redioni alijulikana kwa kanuni mbili asizozivunja. Ya kwanza: kila sauti iwe na jina kamili, kwani sauti isiyo na jina kwake ilikuwa umbea. Ya pili: pasiwe na kimya hewani, hata kwa sekunde mbili. Kwa kanuni ile ya kwanza, mazungumzo ya minyoo hayakurushwa kamwe. Ila alirudi Chanika wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine, na jina la pili hakupewa.

"Mtu wa redio, umekula?" Naishorua alizoea kumpigia saa saba mchana.

"Bado, daktari wa mbuzi."

"Mbuzi wangu wote wamekula. Wewe tu unaniaibisha."

"Nikija Jumapili utanilisha?"

"Nitakupima kwanza, mpenzi. Uzito wako haunipendezi."

Mwezi wa nne Naishorua alimpeleka kwao Misima. Baba yake alikuwa malishoni. Mama yake, Sintamei, aliketi mlangoni na shuka la zambarau mabegani, akamsimulia Kaleb namna familia yao ya Kimaasai ilivyokuja kuishi katikati ya wakulima wa Kizigua. Alisimulia mwaka wa ukame, watu walipoanza kutazamana vibaya kwa ajili ya maji, na kijana wake mkubwa aliyekwenda kwa jirani yao Twaha na sururu mkononi, wakachimba kisima kimoja cha watu wote na ng'ombe wote. Kijana huyo alikuja kuugua, akafariki. Naishorua alitafsiri kwa sauti ya chini. Kila mara mama alisema "kijana wangu" tu.

Kaleb aligundua upungufu huo alipokuwa akihariri. Hakutaka kumsumbua mpenzi wake. Alitaka iwe zawadi. Akampigia Twaha, naye akampa jina: Salaash. Kaleb akalitaja mara tatu katika kipindi, mwanzoni, katikati na mwishoni, kwa sauti yake bora kuliko zote. Alipokirusha Jumamosi alijiona amemjengea marehemu mnara.

Simu ililia kabla ya taarifa ya habari.

"Kaleb, nani amekupa jina lile?"

"Twaha. Nilitaka kaka yako aheshimiwe, mpenzi. Mtu aliyefanya jambo kubwa vile hawezi..."

"Mama amezima redio. Yuko zizini, hataki kusemeshwa. Kwetu marehemu hatajwi jina mbele ya waliomzaa. Miaka sita halijasikika ndani ya boma letu. Wewe umelitaja mara tatu, na sasa liko kwenye simu za watu."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza. Una kipindi cha makabila, Kaleb. Umemwuliza kila mtu Handeni hii isipokuwa mimi."

Hapo ndipo kiburi kilipomshika. "Sauti isiyo na jina ni umbea. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Basi oa hicho ulichofundishwa," alisema Naishorua, akakata simu.

Zikapita siku tisa. Saa saba mchana ilifika na kupita, na Kaleb hakula. Jumatatu ya pili alikwenda Kwamndolwa kwa mama yake, Raheli, akamkuta akichambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule daktari wako wa mbuzi mbona hasikiki?"

Akamweleza yote, kwa mpangilio mzuri, kama mtu anayejitetea mbele ya mwalimu wa nidhamu. Raheli alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha mchicha wake.

"Kwa hiyo ulimheshimu marehemu," alisema, "na waliobaki hai ukawaruka."

Kaleb alirudi Korogwe. Jioni ile ile alikiondoa kipindi mtandaoni. Kesho yake alipanda basi la asubuhi, akashuka Misima bila kinasa sauti, mikono haijui ikae wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," aliitikia Sintamei, akamsogezea kigoda na kikombe cha maziwa.

"Nilitaja nisichopewa. Nimekuja kuomba radhi."

Sintamei alimtazama mpaka maziwa yakapoa. Kisha akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Mimi namtaja kila siku, ndani huku. Mdomoni ndiyo siwezi. Wewe hukujua. Lakini ulikuwa na mtu wa kumwuliza."

"Ni kweli, mama. Nikifute kipindi chote?"

"Hapana. Watu wasikie habari ya kisima. Jina liache."

Ijumaa, msimamizi wake Emiliana alivua visikilizi masikioni. "Kaleb, hapa pana kimya cha sekunde nne. Mara tatu. Si wewe uliyemwandikia mwenzetu Julius onyo kwa sekunde mbili?"

"Ni mimi. Nimekwisha kumwomba radhi Julius."

"Wasikilizaji watadhani mitambo imekufa."

"Nitawaambia mapema."

Jumamosi aliingia hewani mwenyewe. "Ndugu wasikilizaji, wiki mbili zilizopita tulitaja jina ambalo hatukuwa na ruhusa kulitaja. Kosa si la kituo. Ni langu, na jina langu kamili ni Kaleb Shempemba. Leo mtasikia kimya mahali pa jina hilo. Msizime redio."

Kisha mama wa Misima akasimulia kisima, na kila palipokuwa na jina pakawa na sekunde nne. Kaleb alikaa mbele ya mitambo, akisikiliza kitu alichokikimbia maisha yake yote.

Simu ililia saa saba kamili.

"Mama Mwaija alitaka kuipiga kofi redio ya dukani," alisema Naishorua. "Nikamshika mkono."

"Mama yako alisikiliza?"

"Nimempigia. Anasema kimya cha kwanza aliinamisha kichwa. Cha tatu akasema, leo kijana amepewa mahali pa kukaa." Kisha akauliza, "Umekula?"

"Bado. Siku kumi na nne."

"Njoo basi, kabla sijakuandikia dawa."

Alifika Chanika alasiri, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata. Naishorua alikuwa pale pale nyuma ya kaunta, safari hii na shanga nje ya koti.

"Kinasa sauti kiko wapi?"

"Nimekiacha Korogwe. Nimefuata jina la pili."

"La nini? Kipindi cha minyoo?"

"Mchungaji atalihitaji, siku ya kututangaza kanisani. Yeye naye hapokei jina nusu."

Naishorua aliweka chupa aliyoishika. Mama Mwaija, aliyekuwa akichagua dawa ileile ya kuku, aliacha kuchagua. Kimya kikapita sekunde mbili, kikapita nne, kikaendelea, na Kaleb hakukihesabu wala hakukijaza.

"Jina lile ni la baba yangu," Naishorua alisema mwishowe, macho yamelowa na mdomo unatabasamu. "Haliombwi dukani. Litakuwa Misima Jumapili, mbele yake na mama. Uje na mama yako."

"Nije na nini kingine?"

"Na maswali," alisema. "Safari hii uniulize mimi kwanza."